Saa ya Ukutani ya Mama

Mama aliishi Bukoba, kando ya Ziwa Victoria. Mimi niliolewa Gisenyi, kando ya Ziwa Kivu, kabla hatujahamia hapa Niboye, Kigali. Kwake jua lilitoka majini, kwangu lilizama majini, na kwenye simu tulibishana ziwa la nani ni zuri zaidi.

"Ziwa lenu halina samaki," alisema. "Hizo sambaza, visamaki kama vijiti, ni za kuchokolea meno."

"Sisi tunazila na vichwa, Mama. Sangara wenu mnamla wiki nzima mpaka mnamchukia."

Shida ilikuwa asubuhi. Mama alinipigia saa kumi na mbili, akiwa ameshakunywa kahawa. Rwanda iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, kwa hiyo Gisenyi bado kulikuwa giza, na mume wangu alijifunika blanketi hadi kichwani. Nilimweleza mama mara nyingi.

"Sasa hiyo saa moja mnaipeleka wapi?" aliuliza.

Siku moja nilimjibu kwa sauti ya usingizi kuwa ananichosha. Hakuniamsha tena. Akawa anapiga wakati mimi ndiyo nawasha moto, kila siku bila kukosea. Sikuuliza amewezaje.

Alipofariki, tayari tulikuwa Kigali, na mimi nilikuwa nimetoka kupasuliwa tumbo. Daktari alinikataza kupanda basi. Mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa akiishi na mama, alinipigia huku akilia.

"Dada, tunamzika kesho saa nane. Nawe hapo ulipo, ikifika saa nane, shika udongo umwage. Utakuwa umemzika pamoja nasi."

Nilifanya hivyo. Saa nane niliinama kwa shida chini ya mparachichi wetu, nikamwaga udongo, nikasali. Jirani yangu, mama mmoja aliyekulia Mwanza, alikuwa amenishika mkono. Tulipoingia ndani akaniuliza taratibu, "Saa nane ya kwao au ya kwetu?"

Nilikaa chini. Saa nane ya kwao ilikuwa saa saba yetu, na saa saba mimi nilikuwa kitandani, na kuku wa huyo huyo jirani aliingia chumbani, watoto wakamkimbiza hadi juu ya kabati. Nilicheka mpaka nyuzi zikaniuma. Basi nilikuwa nacheka mama yangu akishushwa kaburini. Jambo hilo sikumwambia mtu. Kanisani nilianza kumwombea mama, nikashindwa kumaliza.

Matanga yalipoisha, mdogo wangu alikuja kunitazama. Alitoa kwenye begi saa ya ukutani ya mama, imeviringishwa kwenye kanga yake. Niliitazama, nikatazama simu yangu. Zilikuwa sawa.

"Umeirekebisha mpakani?"

"Sijaigusa. Mama aliirudisha nyuma zamani, ulipomwambia anakuchosha. Alisema, 'Hii ni saa ya binti yangu, asiiguse mtu.' Mimi nikaizoea. Hata nilipokupigia kuhusu mazishi, nilikuwa nasoma hii."

Niliishika ile saa. "Na watu walikuja saa ngapi?"

"Saa nane za simu zao! Na padri pia. Baba mdogo akatazama ukutani, saa saba. Akasema mwenye nyumba bado yumo ndani, tunafuata saa yake. Watu wakarudi kukaa. Padri alikula sahani mbili za ndizi akingoja."

"Usinidanganye kunifariji."

"Dada, nikudanganye na padri? Muulize baba mdogo, mpaka leo analalamikia zile ndizi."

Nikampigia baba mdogo hapo hapo, maana najijua, nisingelala. Alianza na ndizi kabla sijamaliza kuuliza.

Nilicheka, halafu nikalia, na safari hii kilio kilitoka vizuri. Jirani alikuja mbio akidhani kuna msiba mwingine. Nilimwonyesha saa, nikamwambia, "Ilikuwa ya kwetu."

Mume wangu aliitundika sebuleni. Hatukuwa na haja ya kugusa mishale.