Kaburi la Kisiwani

Jana sokoni Nyakahura nilipita karibu na mikeka mipya ya mafunjo, harufu yake ikanisimamisha. Nilikuwa na miaka minane bibi aliponipeleka kwa mtumbwi, tukipenya katikati ya mafunjo, kwenye kisiwa alikoolewa. Watu wote wa kisiwa hicho walihamishwa kwa sababu ya mbung'o na ugonjwa wa malale kabla sijazaliwa, na mashamba yakageuka msitu. Tulikuta kinyesi cha viboko na ndege wengi wenye kelele. Bibi alikuwa anatafuta kaburi la mtoto wake wa kwanza. Alifyeka kwa panga huku na huku mpaka jua likawa kali.

"Palikuwa na mgomba hapa," alisema.

"Tutafute tena, bibi?"

"Basi. Twende."

Tukiwa majini nilimwuliza mtoto huyo aliitwa nani. Bibi aliendelea kupiga kasia.