Mbwa Ambaye Baba Hakumgusa

Harufu ya boksi la sabuni lililolowa bado hunisimamisha njiani. Juu ni sabuni ya kipande na karatasi ngumu iliyoanza kuoza, na chini yake kuna kitu kingine, kichachu na kizito, mfano wa damu iliyochanganyika na maziwa yaliyoharibika. Nikikutana nayo nyuma ya maduka ya Arua, miguu huanza kutafuta njia kabla kichwa hakijajua tunakwenda wapi. Mimi si mtu wa kutulia hata siku za kawaida. Mama husema nilizaliwa nikitembea, na kwamba ugonjwa huo niliurithi kwa Baba. Lakini harufu ile hunirudisha kwenye msimu mmoja wa mvua, nilipokuwa bado shule ya msingi, ambapo nyumba yetu nzima ilishindwa kukaa chini kwa ajili ya mbwa mmoja mdogo wa kahawia, mwenye miguu ya mbele myeupe mithili ya mtoto aliyevalishwa soksi.

Tulikaa chini ya Arua Hill, kwenye mtaa wa Waislamu ambao babu zao waliletwa huku wakiwa askari kutoka Sudan, wakaoa, wakabaki. Kwetu mbwa hakuwa mnyama wa kuchezea. Mate yake ni najisi. Yakikugusa unaosha mara saba, moja kwa udongo, na sisi watoto tuliijua hesabu hiyo kabla ya hesabu za shule. Hata hivyo mbwa wa kulinda hakukatazwa, na mwaka ule wezi walivunja banda la mbuzi wa mama wakawaswaga wote, wakamwacha jike mmoja tu aliyekuwa akichechemea. Toka hapo Baba hakulala. Jani likianguka, yuko mlangoni na tochi. Mwishowe alitangaza kwamba atanunua mbwa, na bibi yetu, tuliyemwita habuba, akakubali kwa masharti: mbwa alale nje, chombo chake kisikutane na vyombo vya jikoni, na jina atoe yeye. Alimwita Shawishi kabla hata hajafika, kwa kuwa baba yake habuba alikuwa shawishi jeshini, yaani sajini, na alisema askari hawezi kukosa cheo. Mwalimu wetu wa Kiswahili alicheka aliposikia, akatuambia kwamba vitabuni shawishi ni kumtia mtu tamaa mpaka aingie mtegoni. Hatukuona tatizo. Mwizi ndiye angeingia mtegoni.

Baba aliuza vitambaa, na siku za soko alipanda pikipiki yake kwenda Koboko, ambako wanunuzi huvuka kutoka Sudan Kusini na Kongo. Huko ndiko alikompata Shawishi. Mama Keji, mkulima wa Kuluba aliyeleta muhogo mkavu sokoni, alikuwa akizunguka kati ya meza na kikapu cha watoto wa mbwa. Ilikuwa karibu na adhuhuri na Baba alikwisha kutawadha. Ndipo alipofanya kosa ambalo sidhani mnunuzi mwingine sokoni pale angelifanya: kwa kuhofia ulimi wa mbwa kumtia najisi kabla ya swala, alinunua mnyama huku mikono yake ameifunga mgongoni. Aliinama, akatazama, akauliza kama ni mzima. Akajibiwa ni mzima. Mama Keji mwenyewe akamtia mbwa kwenye boksi la sabuni, akalifunga kamba juu ya pikipiki, na Baba akaenda msikitini akiwa safi. Habuba aliposikia hadithi hiyo jioni alitikisa kichwa akasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Baba alimjibu kwamba mbwa si mchicha.

Mimi nilimpenda pale pale. Kwa kuwa sikuruhusiwa kumshika, nilivaa kavera mikononi, ile mifuko laini ya plastiki ya sukari, nikamkuna shingo mpaka akafumba macho. Asubuhi alitapika. Jioni alihara, na keshoye kuhara kukawa na damu. Daktari wa mifugo alikuja, akamfunua midomo, akabonyeza tumbo, akasema ni ugonjwa wa watoto wa mbwa usio na dawa ya kuuua. Kinachowezekana ni kumtia nguvu ya kupigana nao, kwa maji yenye chumvi na sukari, kidogo kidogo, tena na tena. Kisha akamweleza Baba njia zake. Kwa jinsi mbwa alivyokuwa, ugonjwa ulimwingia kabla hajauzwa, kwa hiyo Baba alikuwa na haki ya kumrudisha kwa mwenyewe na kudai mwingine, au kumtaka mwenyewe asaidie matibabu. Au abaki naye, amnyweshe, aone. Ila asilete mbwa mwingine mchanga katika ua ule kwa muda mrefu, maana ugonjwa hukaa udongoni. Baba alisikia neno haki tu. Hayo mengine yalipita juu ya kofia yake.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa barabarani, mimi nyuma ya Baba na boksi mapajani, kwa sababu lazima mtu amshikilie Shawishi asipinduke na Baba bado hakutaka kumgusa. Barabara ya Koboko wakati huo ilikuwa murram, udongo mwekundu ulioshindiliwa, na mvua ilikuwa imeichimba mashimo. Baba alisema peke yake njia nzima, kwa Kinubi, lugha ya mtaa wetu, akiyapanga maneno yake, akiyapangua, akiongeza gesi kila alipofika kwenye neno kali. Nami niliomba Mungu Mama Keji awe hakuja sokoni. Nilijua nyumbani kuna mimi na kavera zangu, na huko tunakokwenda hakuna mtu atakayemnywesha. Kila tulipoingia shimoni nilitia mkono ndani ya boksi kuona kama mbavu zinapanda.

Mama Keji alikuwepo. Hakukimbia wala hakujificha, jambo lililomuudhi Baba zaidi. Baba alianza na salamu, kwa kuwa alilelewa vizuri, lakini salamu haikufika mwisho. "Mama, uliniambia hii mbwa iko muzima."

"Ilikuwa muzima," alisema Mama Keji. "Si ilikuwa natembea? Mimi sikusema haitapata ugonjwa."

Watu wakakusanyika, maana soko halina sinema nyingine. Baba alishikilia kwamba mzima ni asiye na ugonjwa. Mama Keji naye kwamba mzima ni asiyekufa. Neno moja, na kila mtu amelishika kwa upande wake kama watu wawili na shuka fupi. Mzee mmoja aliamua kwamba kwa ng'ombe maana yake ni afya, lakini kwa kuku ni uhai, na kuhusu mbwa hakuwa na uhakika. Mfanyabiashara kutoka Sudan Kusini aliyeuza bamia kavu jirani pale aliuliza kwa upole kama Arua watu hununua wanyama kwa macho tu. Kicheko kikalipuka. Mama Keji hakucheka. Alieleza kwamba alimwambia Baba ashike mbwa, afungue mdomo, apapase tumbo, na Baba akaweka mikono mgongoni kama anakagua gwaride. Baba akamwita mwongo, kisha akamwita mwizi. Jua lilipanda. Hapakuwa na kivuli mahali niliposimama, na ndani ya boksi Shawishi alikuwa akihema mdomo wazi.

Hatimaye Mama Keji alichoka. Alisema atatoa dada wa mbwa huyo, yuko nyumbani Kuluba, anacheza. Baba amfuate tu. Nikaona mabega ya Baba yakishuka, nikajua ameshinda, nikamchukia kwa ushindi huo. Nikauliza Shawishi je. Mama Keji akaonyesha kwa kidevu shimo la takataka nyuma ya soko, akasema Baba amtoe mwenyewe amweke kule, kwa maana yeye hatamgusa. Ana wengine nyumbani wa kulinda. Baba akaniambia nimpe boksi. Nikakataa. Sikuwahi kumkatalia Baba mbele za watu, lakini mikono haikufunguka. Basi akapiga goti mbele yangu, akakunja mkono wa kanzu, akaingiza mkono wake ndani.

Nilidhani Shawishi angemlamba. Hakuwa na nguvu hiyo. Aliweka kidevu kwenye kiganja cha Baba, akaachia uzito wake wote pale, akatulia. Adhana ya adhuhuri ilianza. Baba hakuinuka. Watu walisubiri, Mama Keji akasubiri, na Baba akabaki amepiga goti kwenye tope la Koboko kana kwamba kuna mtu anamnong'oneza.

"Moyo yake iko napiga," alisema. "Hii sitatupa."

Tuliondoka bila yule dada. Nje kidogo ya mji Baba alisimamisha pikipiki kwenye boma moja, akaomba maji, chumvi na sukari kidogo, akachovya kidole, akakitia mdomoni mwa Shawishi. Kisha akaenda kando kuosha mkono, mara saba, moja kwa udongo, ili aswali. Akaswali. Alipomaliza akarudi, akamnywesha tena, na hesabu ikaanza upya. Mwenye boma alitutazama akidhani tumepungukiwa na akili. Tulisimama hivyo mara nyingi mpaka Arua.

Shawishi alikufa kesho yake kabla ya adhuhuri, juu ya paja la Baba. Baba hakusema mapenzi ya Mungu, ingawa ndivyo alivyosema siku zote. Alisema, "Nilishindana na yule mama asubuhi nzima, na huyu alikuwa na kiu." Wapiganapo tembo nyasi huumia, lakini nyasi hazilazi kidevu mkononi mwako. Nilimkasirikia Baba kwa muda mrefu, na nadhani alijua, kwa sababu hakunikemea. Baadaye Mama Keji alituma habari kupitia mfanyabiashara mmoja kwamba watoto wote wa mbwa waliobaki, na yule dada, nao walikufa. Hakuwa amejua kwamba walikuwa wagonjwa. Baba alimtumia salamu za pole na kitambaa cha gauni, akaomba radhi kwa lile neno mwizi.

Siku hizi barabara ya Koboko ni lami, na mbwa hununuliwa kwa simu. Unatumiwa picha na kadi ya chanjo, na usiporidhika unajua pa kuanzia. Juzi jirani yangu, binti msomi na mwenye roho nzuri, alinijia na simu mkononi. Mbwa aliyenunua wiki hii anatapika, afanyeje? Nilimweleza yote, kwa kuwa ni kweli na ni haki yake: amwarifu muuzaji mapema, daktari aandike alichokiona, apige picha, achague kama anataka kubadilishiwa, kurudishiwa fedha au kusaidiwa matibabu. Alisema hayo yote amekwisha kuyafanya, tena asubuhi na mapema, kwa ufasaha ambao Baba angeuonea wivu. Nikamwuliza kama mbwa amekunywa maji. Akatazama simu yake, akasema hajui, amemfungia uani, bado anasubiri muuzaji ajibu.