Ghorofa ya Mama Vifungo

Nyumba ninayopanga haikujengwa kwa ajili yangu. Sinki la jikoni linanifika kifuani, nami huosha vyombo nikiwa nimepanda kigoda. Mama mwenye nyumba, anayekaa chini, alimpimia binti yake, na binti huyo ni mrefu kama twiga.

Mtaa mzima unamwita Mama Vifungo. Anashona sare za shule barazani, na vifungo huvibana mdomoni, kwa hiyo ukimwamkia usubiri kwanza avitoe. Mumewe alifariki zamani. Binti, mtoto wake wa pekee, alipoolewa alitaka kukaa karibu na mama, lakini sheria ya mtaa huu ilikuwa kiwanja kimoja, nyumba moja, tena isiyo na ghorofa. Eti kutunza utulivu. Utulivu gani? Nyumba zilikuwa chache, kodi ikapaa, vijana wakahamia pembezoni mwa jiji, wakabaki wazee na mageti yao. Binti naye akaenda kupanga huko, mabasi mawili kutoka hapa.

Halmashauri ilipoita watu watoe maoni kuhusu kuruhusu ghorofa, mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili alikuwa wa kwanza kusimama.

"Tutabanana kama dagaa! Wageni watatuchungulia mpaka chooni."

Mama Vifungo hakuwa mtu wa mikutano, lakini siku hiyo alisimama.

"Wageni gani, mwalimu? Mimi namtaka mwanangu. Wewe unao watatu, yupi anakaa hapa?"

Watu walicheka, mwalimu akanuna, na mpaka leo hawasalimiani. Majirani wengine nao wakaanza kupeleka sare kwa mafundi wa kwingine.

Sheria ilibadilishwa, ila kwa mwendo wa kobe. Mjukuu, mtoto wa binti, aliyekuwa bado akibebwa mgongoni wakati wa mkutano, alikuwa darasa la pili zege la juu lilipomwagwa. Mama Vifungo alishinda hapo akibishana na mafundi kuhusu ngazi, madirisha na kimo cha sinki. Rangi ya kuta alichagua ile anayoipenda binti. Kama binti bado anataka kuhamia, hakuuliza. Aliona ni jambo lisilo na haja ya kuulizwa. Hapo ndipo ninapomwonea huruma mpaka namkasirikia.

Binti alikuja na mumewe na mtoto, akazunguka vyumba vyote, akafungua hata mabomba.

"Mama, pamependeza kweli! Sasa utampangisha nani?"

Hakusema kwa ubaya. Kule mbali mume alishafungua karakana, mtoto ana shule na marafiki. Maji yalishafuata mkondo mwingine.

"Nitatafuta mtu," mama alijibu, akashuka kuwatengenezea chai.

Mtu mwenyewe ndiye mimi, fundi wa friji, nisiye na mke wala mtoto. Nimepanga vyumba vingi maishani, na nimejifunza kuishi kimya kama sipo, ili wenye nyumba wasinichoke. Siku ya kukabidhiwa funguo nilijieleza kabla sijaulizwa: sina wageni, sina redio, na viatu navua mlangoni.

Mama Vifungo alisimamisha cherehani.

"Viatu usivue, mwanangu," alisema. "Tembea navyo. Nisikie kuna mtu."