Jaji alimchekelea mwanafunzi wangu juu ya pete ya kuzunguka dunia, na msichana alikuwa sahihi

Wakuu, sasa. Naandika hii nikiwa bado na hasira, lakini hakuna mahali nimeongeza chumvi.

Mimi hufunza physics kwa shule ya day huku Gatuanyaga. Niko na msichana wa Form Three anaitwa Nyambura. Siku moja aliniuliza darasani, "Mwalimu, tukijenga daraja izunguke dunia yote, huko juu kabisa, bila nguzo, itaanguka?"

Nikamwambia atafute jibu mwenyewe. Alitafuta kweli. Akapiga hesabu, akatengeneza project, tukaenda mashindano ya sayansi Thika.

Jibu lake ni rahisi. Hiyo daraja inakuwa pete, na inavutwa na dunia sawasawa kila upande, kwa hivyo haina pa kuangukia. Lakini isukume kidogo tu. Upande mmoja unakaribia dunia, unavutwa zaidi. Ule wa mbali unavutwa kidogo. Basi inazidi kuhama mpaka igonge.

Kutuonyesha, aligeuza bakuli juu chini, akaweka bano, ile gololi ya watoto, pale juu. Ikatulia. Akaipuliza, ikabingirika mpaka chini ya meza.

Tuliokuwa pale tulielewa.

Halafu akafika jaji, mzee wa suti, watu wanamuita daktari.

"Hii kitu iko wapi?"

"Haiko, sir. Ni ya kufikiria."

"Na simiti utatoa wapi?"

Watu wakacheka. Akaona amepata jukwaa, akaongeza eti pete ikizungushwa itatulia yenyewe.

Nyambura akamjibu kwa heshima. "Kuizungusha kunapunguza ile nguvu inaifinya, sir. Lakini ikishahama katikati, hakuna kitu ya kuirudisha."

"Unanifundisha?"

Akaandika alama zake akaenda. Hesabu hakuangalia hata!

Nilimfuata. "Daktari, huyu mtoto yuko sawa."

"Mwalimu, mwambie alete kitu ya kusaidia wananchi. Incubator ya kuku, hivi."

Aki wakuu, hiyo iliniuma. Sina shida na incubator, hata mamake Nyambura hufuga kuku. Lakini umekosea, halafu unachekesha watu ndio usionekane umekosea? Kwa mtoto?

Nikaenda kwa waandalizi. Wakaniambia uamuzi wa jaji ni wa mwisho. Hatukupita.

Kurudi, nilimsindikiza Nyambura mpaka kwao. Tulipofika kwa gate yao ndio akaniambia, "Mwalimu, nafikiria kuacha physics." Mamake alikuwa amesimama hapo, akaniangalia kama mimi ndio nilimpoteza mtoto wake.

Jumatatu niko staffroom, bado nawaambia walimu vile huyo mzee ametukosea. Mlango ukabishwa. Nyambura.

"Mwalimu, tukiweka engine ndogo ndogo kwa hiyo pete? Ikihama kidogo, zinairudisha katikati. Shida ni mafuta ikiisha."

Mimi nilikuwa bado Thika na hasira zangu. Yeye alikuwa ashaendelea mbele. Nikamvutia kiti.

Nilichojifunza: kama umepewa kazi ya kuhukumu watoto na kitu hukijui, sema hukijui. Haiui mtu.

Sasa niambieni, nani hapa ashawahi kuchekwa akiwa sahihi? Ulifanya nini? Na mainjinia, mambo ya mafuta mnaonaje? Andikeni kwa heshima, nitamwonyesha mwenyewe asome.