Maji ya Vifaranga Wangu

Nikikumbuka siku ile, mpaka leo damu inanichemka.

Miaka ile ya tisini, mfereji wetu hapa Machakos ulitoa maji siku moja kwa wiki, tena yakinuka dawa ya kuulia vijidudu. Samaki wangu wa mapambo, gapi wadogo wenye mkia wa buluu, ukiwatia maji hayo mabichi walikufa kabla chai haijapoa. Kwa hiyo niliyaacha kwenye beseni siku tatu, dawa iishe. Jike wangu wa mwisho alizaa vifaranga thelathini, wembamba kama kope, kisha akafa. Niliwaweka katika beseni hilo nyuma ya jikoni, nikawalisha kiini cha yai kilichopondwa. Ukoo mzima ulikuwa umebaki humo.

Siku ya soko nikaenda Tala, nikamwacha mama mkwe nyumbani. Kurudi, nakuta beseni limesuguliwa, limefudikizwa ukutani, linang'aa.

"Mama, maji yaliyokuwa hapa?"

"Nimemwagia mboga za sukuma, zilikuwa zimelala kabisa. Hiyo maji ilikuwa imeoza, mwiitu wakwa, binti yangu, imekuwa ya kijani. Hukuwa unaona?"

Nilikuwa nikiona! Lakini mama wa mume hajibiwi ovyo, nikaimeza hasira. Najua, kwetu maji hayamwagwi bure: yaliyoosha mchele huosha vyombo, yaliyoosha vyombo hunywesha mboga. Sawa. Lakini kuchungulia kabla ya kumwaga kungemgharimu nini?

Nilipiga magoti kwenye tope na kichujio cha chai, nikapekua shina baada ya shina. Yeye amesimama, mikono kiunoni.

"Aiya! Umepoteza pete?"

"Samaki, Mama. Beseni lilikuwa na watoto wa samaki."

"Samaki gani? Mimi sikuona kitu."

Nilipata mmoja tu, akitapatapa kwenye kidimbwi kisichojaa kijiko. Sasa nimtie wapi? Maji yote yaliyotulia yalikuwa yamenywewa na sukuma. Yasiyo na dawa yalikuwa yale ya mtungi wa kunywa, niliyoyachemsha juzi. Sikuomba ruhusa ya mtu. Nikamtia humo.

Jioni mama mkwe alikuja na kikombe chake, akafunua mtungi, akainama, akatazama ndani kwa muda mrefu.

"Sasa mimi nitakunywa nini?"

"Nitakuchemshia mengine," nikasema. "Na asante kwa kuchungulia, Mama."