Sumaku ya Redio ya Baba

Kwanza mnivumilie kwa mwandiko. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo mkono wangu umeshika jembe na tupa kuliko kalamu. Herufi za r na l bado hunichanganya kwa sababu nyumbani tunasema Kishambaa. Ukurasa mmoja hunichukua siku mbili. Tena mimi si mtu wa maneno. Hata sokoni nikiulizwa bei ya karoti, huzitazama karoti.

Nataka kueleza nilivyotengeneza gitaa la umeme, na kilichompata baba kwa sababu yake.

Tunakaa juu ya Gare, tunalima kabichi na karoti. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka ya Lushoto yalipoanza kujaa vitu baada ya miaka mingi ya foleni za sabuni. Redio kaseti zilipanda mlimani kutoka Tanga. Kwaya ya kanisa letu nayo ikapata spika mbili, mashine ya kukuza sauti inayotumia betri ya gari, na gitaa moja la umeme. Kila siku ya mazoezi nilisimama nje ya dirisha nikisikiliza. Siku moja mwalimu wa kwaya akachungulia.

"Wewe kijana, kila siku dirishani. Unalinda ukuta usikimbie?"

Wenzake wakacheka. 

"Unataka kupiga?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi leta gitaa lako. Hili lina mwenyewe."

Nadhani alitania. Mimi nilikwenda nyumbani kutengeneza.

Mbao nilizipata kwenye mlango mkongwe wa mkulo, mti wetu wa mlimani wenye harufu kali, uliokuwa umeegemezwa nyuma ya banda la mbuzi. Nilichora umbo kwa mkaa, nikakata kwa msumeno wa kuazima. Kila nilipopiga randa, harufu ya mkulo ilijaa uani, na mama alisema angalau nimefukuza mbu. Nyuzi nilizichambua kutoka waya wa breki za baiskeli. Vile vyuma vidogo vinavyopangwa shingoni nilivikata kwenye spoki. Hapo nikakosea kosa la mkulima: nilivipanga kwa hatua sawa, kama mtu anayepanda kabichi. Gitaa likatoa sauti za ajabu, kila kidole na wimbo wake. Nikaenda kanisani na ukanda wa karatasi ya mfuko wa saruji, nikaulaza juu ya gitaa la kwaya, nikaona kumbe vyuma husogeleana kadiri vinavyoshuka. Ikabidi niving'oe vyote na kuanza upya. Mifereji ya kwanza bado ipo shingoni.

Ikabaki sehemu ya umeme. Sokoni Lushoto palikuwa na fundi redio aliyeweka meza barazani kwa muuza vitambaa, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Ndiye mtu pekee niliyeweza kumuuliza swali.

"Hakuna muujiza," aliniambia. "Waya mwembamba wa shaba, uuzungushe mara nyingi, chini yake sumaku. Nyuzi zikitikisika hapo juu, sauti inanaswa."

Akanipa kifaa kilichoungua nifumue waya wake, mwembamba kama unywele. Nikashukuru.

"Sumaku utatafuta mwenyewe," akasema. "Siyo za redio hizi za siku hizi, sumaku zake kama vifungo vya shati. Tafuta ya spika ya zamani."

Spika ya zamani niliijua moja tu, nayo ilikuwa mezani kwetu, ndani ya redio ya baba.

Ilikuwa redio kubwa ya mbao, aliyoinunua kwa kahawa kabla sijazaliwa. Baba hakuitumia kwa muziki. Alisikiliza habari, kisha matangazo ya vifo, na wakati huo hata mtoto hakukohoa. Dada yake, ndugu pekee aliyebaki, alikuwa ameolewa Mnazi kule nyikani, naye alikuwa mgonjwa wa muda mrefu. Walikuwa wamekubaliana na wanawe kwamba likitokea lolote watalipeleka redioni, maana simu hakuna na barua huchelewa. Haya yote niliyajua. Sina pa kujificha.

Asubuhi moja baba na mama walishuka bondeni kupalilia. Nilifungua skrubu nne. Nia yangu ilikuwa kuitoa sumaku, kuijaribu, na kuirudisha kabla ya jioni. Lakini ilikuwa imegandishwa. Niligonga kwa patasi, kwanza polepole, halafu kwa nguvu. Ilipoachia, karatasi ya spika ilichanika nayo. Nikarudisha mfuniko, nikaipangusa redio vumbi kama mtu mwema.

Jioni baba akaiwasha. Kimya. Akaipiga kofi ubavuni. Kimya.

"Mawe yamekwisha," akasema, maana betri za redio sisi huziita mawe.

Kesho yake akayaanika mawe juu ya bati ili yapate nguvu. Ilikuwa Julai, na ukungu haukuondoka. Siku ya pili akayageuza upande, kama mtu anayeanika mahindi. "Likitoka jua yatapona," akamwambia mama. Nilisimama mlangoni namtazama akiyageuza. 

Siku hizohizo nilimaliza kuzungusha waya, nikafika hesabu ya elfu mbili nikapotea, nikaendelea bila kuhesabu. Nilipeleka gitaa kanisani. Mwalimu akachomeka, akagusa uzi mmoja, na sauti ikatoka kwenye spika zote mbili. Wakapiga makofi. "Jamani, mlinzi wa ukuta!" wakasema. Sijawahi kufurahi namna ile, wala sitarajii tena.

Siku ya nne tulikuwa shambani na baba. Akaja jirani wa ng'ambo ya kijito, amevua kofia.

"Pole sana, mwenzangu. Mmerudi lini?"

"Kurudi wapi?"

"Mnazi. Msibani."

Baba akasimamisha jembe. "Msiba wa nani?"

Jirani akanitazama mimi, kisha akamtazama baba. "Wa dada yako. Walitangaza tangu juzi ya juzi. Nilidhani umesikia na umekwenda. Si wewe mwenye redio?"

Baba aliondoka na shati lilelile la shambani. Alirudi baada ya siku mbili. Alikaa kwenye kigoda, akasema jambo moja tu: "Walinisubiri. Kaburi likakaa wazi mpaka jua likaisha, ndipo wakafukia."

Gulio lililofuata alinibebesha redio hadi Lushoto. Fundi yuleyule alikuwa ameibadilishia kitufe miezi michache nyuma. Akaifungua mbele yetu.

"Sumaku haipo, mzee."

"Haipo? Nilikuachia redio siku mbili ubadilishe kitufe. Umekula na sumaku?"

Hakujua kwamba bila sumaku redio haisemi hata siku moja. Watu wakasogea. "Mafundi hawa!" mmoja akasema. "Ukimpa saa, anakurudishia bangili."

Fundi akainamia alama za patasi. Kisha akaniangalia. Hakuniangalia kwa muda mrefu. Aliona vidole vyangu vilivyochanwachanwa na ule waya alionipa mwenyewe. Nilingoja aseme. Nilitaka aseme.

"Nisamehe, mzee," akasema. "Nitakuwekea nyingine."

"Nyingine utaiweka," baba akajibu. "Na dada yangu je, utamweka?"

Aliiweka, na redio inasema mpaka leo. Lakini habari ilipanda vijijini kote, watu wakaacha kumpelekea kazi. Siku moja nilikuta barazani hakuna meza. Muuza vitambaa alisema amehamia Korogwe, mwingine akasema Mombo. Nimekwenda kote kuwili. Sikumpata.

Gitaa liko chini ya kitanda. Mwalimu wa kwaya ameniita mara tatu, na mara zote nimesema kidole kinauma. Baba bado anasikiliza matangazo ya vifo kila jioni, ingawa hana tena ndugu wa kutangazwa. Yakiisha humlaani yule fundi kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema usiku mwema. Mara nyingi nimejaribu kuanza. Husema "Baba," akaitika, nami namuuliza kama nifunge mbuzi.

Nilifikiri nikiandika nitakuwa nimesema. Sivyo. Baba hajui kusoma. Barua zote za nyumbani hupitia sanduku la kanisa, hukabidhiwa yeye mkononi, naye hunipa mimi nizisome mbele yake na mama, kuanzia salamu mpaka jina la mwisho. Nikianza kusoma siwezi kuruka, anajua urefu wa barua kwa macho.

Kwa hiyo nawaomba mniandikie. Mhariri wa gazeti hili anayo anwani. Mwenye kumjua fundi huyo aniambie aliko. Asiyemjua pia aandike, hata mistari mitatu. Andikeni wazi kuhusu sumaku, na nani aliyeitoa. Barua ikifika, mimi nitaisoma mbele ya baba.