Yatziri Hahesabiwi Leo

Usiku kucha Eufrosina alikaa hospitali, macho hayatoki kwenye pazia. Nyuma ya pazia hilo binti yake Yatziri alikuwa akigombania pumzi. Pumu. Msimu wa kutikisa milozi ili lozi zianguke, vumbi hulifunika bonde zima la Fresno, na kila mama mwenye mtoto wa pumu humfungia ndani. Eufrosina alilijua hilo. Na bado alimpeleka shule.

Bwana Arreola, karani wa mahudhurio shuleni, ndiye aliyempigia simu. "Mlete hata kama anaumwa, Mama Yatziri. Serikali hailipi kiti kitupu, hata ukileta cheti cha daktari. Akishahesabiwa, tutakaa naye ndani."

Kwao Oaxaca, alikotoka kabla ya kuhamia Fresno, shule ni ya kijiji. Ikiita msaragambo, kazi ya wote, unabeba koleo unakwenda, huulizi. Basi akaitika vilevile, akamwacha mtoto, akakimbilia kazini kupanga zabibu kwenye makasha. Saa ya mapumziko Yatziri akatolewa uwanjani na wenzake, vumbini. Akaanguka.

Alfajiri daktari akafungua pazia. "Amenusurika. Wiki nzima asitoke nje."

Kesho yake, nyumbani, mlango ukagongwa.

"Mama Yatziri! Ni mimi, Arreola. Nimekuja na gari, lina kiyoyozi."

Eufrosina akafungua mlango kidogo. "La nini?"

"Nusu saa tu, dada yangu. Aitikie jina, nimrudishe. Wagonjwa ni wengi, fedha zikipungua tutampoteza mwalimu wa muziki."

"Cheti cha daktari hukukipata?"

"Nimekipata. Kinakuondolea wewe lawama, lakini sisi hakitulipi."

"Basi kamchukue mama yako akahesabiwe!"

"Mama yangu ana miaka themanini, jamani."

"Si ndiyo vizuri? Anajua kuitika!"

Arreola akacheka kidogo. "Usikasirike. Sote tunaijenga shule moja."

Hapo Eufrosina akawaka. "Kujenga? Mimi kwetu nimejenga shule, baba! Nimesomba mawe na mimba ya huyu huyu tumboni. Hakuna aliyeniambia nilete mapafu ya mwanangu!"

Nyuma yake Yatziri alikuwa ameshashuka kwenye kochi, anapapasa viatu. "Mama, niende tu?" Sauti ilikuwa nyembamba kama uzi.

"Rudi ukalale!"

Eufrosina akafunga mlango, akasukuma komeo, akauegemeza mgongo. Arreola akagonga tena, taratibu, kisha kwa nguvu. Kitasa kikazunguka, lakini mlango ukagota kwenye komeo.